Anayepunguza Mwanga Akae Wapi?

Nina swali ambalo limenikaa kichwani miezi kadhaa sasa, na kila nikilifukuza linarudi. Swali lenyewe ni hili: katika nyumba wanamokaa watu wengi, nani ana haki ya kupunguza mwanga? Sisemi kuzima. Kuzima kila mtu anakujua, na ugomvi wake huwa wa wazi: "Nani kazima? Washa bwana!" Nasema kupunguza, yaani kuuacha mwanga uwepo, ila uwe kwa kiasi alichokitaka mtu mmoja.

Najua wapo watakaocheka. Watasema, huyu naye vipi, wenzake wanaandika juu ya mapenzi, kifo na utawala, yeye anatuletea habari za swichi! Haya, chekeni. Mimi mchana ni fundi umeme na usiku ni mwandishi, na ile kazi ya mchana ndiyo inayonipa maswali ya usiku. Fundi huingizwa hadi vyumba ambavyo hata jirani wa miaka kumi hajatia mguu. Akifungua boksi la swichi anaona waya, na akikaa kidogo anaona pia nani katika nyumba ile huamua na nani huamuliwa.

Tuanzie kwenye taa ya chemli, ambayo wengine huiita kandili. Mliokulia mikoani mnaijua vizuri. Ubavuni mwake pana kigurudumu kidogo cha kupandishia na kushushia utambi. Kigurudumu kile ndicho dima ya kwanza wengi wetu kuishika, ingawa hatukuiita hivyo. Ukipandisha utambi mwanga unaongezeka na mafuta yanakwenda. Ukiushusha mwanga unapungua na mafuta yanabaki. Hizi hotuba za leo za kupunguza mwanga ili kubana matumizi, chemli ilikwishazimaliza zamani.

Ila chemli ilikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyehangaika kuisema, kwa sababu haikuwezekana kuwa vinginevyo. Aliyetaka kushusha utambi ilimbidi asogee pale ilipo taa, anyooshe mkono mbele ya wenzake, na akishamaliza abaki palepale katika mwanga uleule uliopungua. Kama mtoto alikuwa anaandika hesabu zake mezani, alimwona. Kama bibi alikuwa anachambua mchele, alimsikia akilalamika. Hakuna aliyeweza kushusha utambi wa chemli ya Tabora naye amekaa Dar es Salaam.

Swichi ya ukutani ilirithi tabia hiyo. Iko pale karibu na mlango, kimo cha bega, na haimuulizi mtu jina. Mgeni akiamka usiku anaipapasa na kuiona. Mtoto akirefuka kidogo anaifikia, na siku anapoifikia hujiona mkubwa. Dada wa kazi aliyefika jana kutoka kijijini anaibonyeza sawa na mwenye nyumba aliyelipia kila kitu. Kwa swichi ile watu wote ni vidole tu.

Sasa tuje kwenye dima. Kupunguza taa za umeme kulianza kwa kuzuia. Vifaa vya mwanzo viliuzuia umeme njiani, na ule uliozuiwa ukageuka joto. Vilikuwa vikubwa, vizito, vya kwenye majumba ya tamthilia, na havikufaa kutiwa kwenye ukuta wa sebule. Mwaka 1959 Mmarekani Joel Spira, akifanya kazi katika nyumba yake mjini New York, alitengeneza dima ndogo iliyoingia katika boksi la kawaida la swichi. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni ya Lutron, ambayo mpaka leo inaziuza.

Siri yake ni kukata badala ya kuzuia. Umeme wetu wa nyumbani, volti 230, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kila mwendo una nusu mbili, kwa hiyo zipo nusu 100 katika sekunde moja. Dima hukata kipande cha kila nusu na kuachia kilichobaki. Ukiikoleza hukata kidogo, ukiififisha hukata kikubwa. Maana yake mwanga uliopunguzwa ni mwanga unaokatwa mara 100 kila sekunde, kwa kasi ambayo jicho haliioni. Wewe unaona utulivu, kumbe ni panga linapita.

Jicho nalo lina samahani nyingi. Ukipunguza mwanga mpaka ukabaki robo ya ule wa kwanza kwa kipimo, jicho litaona kama umebaki nusu hivi, kwa sababu mboni hufunguka zaidi na kujizoesha. Jambo hilo mafundi wanalijua na wauzaji wanalijua. Anayepunguziwa hashtuki upesi. Atasogeza kitabu karibu, atafikicha macho, atasema leo nimechoka. Kujua kwamba amepunguziwa kutakuja baadaye sana, pengine kusije kabisa.

Sasa hivi imeingia dima janja. Hii ni dima ileile iliyotiwa redio ndogo ndani yake. Inazungumza na simu ya mwenye nyumba, ama kwa waifai, ama kwa njia nyingine kama Zigbee na Z-Wave. Unaweza kuipangia saa: saa tatu usiku ishuke, saa kumi na moja alfajiri ipande. Unaweza kuiamuru ukiwa kazini, ukiwa safarini Dodoma, ukiwa majuu. Na inakumbuka. Inakuandikia taa iliwaka saa ngapi na ikazimwa saa ngapi.

Hapo ndipo ananiingia baba yangu mdogo.

Baba mdogo anakaa Tabata. Ndiye aliyenilipia ada ya chuo cha ufundi baba alipofariki, na hilo nalisema mapema ili ujue uzito wa mtu huyu kwangu. Siku hiyo aliniita. Nikafika, "Shikamoo baba mdogo," "Marahaba mwanangu," chai ikaletwa, kisha akanitolea maboksi mawili mazuri ya kung'aa. Mwanawe anayeishi Marekani alikuwa amemletea dima janja mbili.

Nikazisoma, nikamrudishia. Zilikuwa za volti 120, umeme wa kwao; huku kwetu zingeungua tu. Hata umbo halikukubali, maana swichi za Marekani ni ndefu nyembamba, na maboksi yetu ni ya mraba, ya mtindo wa Kiingereza, ambayo kifuniko chake ni milimita 86 kwa 86. Ikabidi twende Kariakoo kutafuta ya kwetu.

Kwa faida ya wenzangu wanaotaka kununua, nieleze tulichokitazama. Kwanza volti. Pili balbu zenyewe: si kila balbu ya LED inakubali kupunguzwa, lazima iwe imeandikwa hivyo, la sivyo itapepesa, itavuma, au itakufa mapema. Tatu aina ya ukataji: dima za kale hukata mwanzo wa kila nusu, na zilitengenezwa kwa balbu za waya wa kuwaka, zinazokata mwishoni ndizo huelewana zaidi na LED. Nne uzito wa mzigo: dima nyingi za kale zinataka walau wati 40 ndipo zitulie, na sebule ya baba mdogo ina balbu nne za wati 9, jumla 36 tu. Tano nyutro.

Hapo kwenye nyutro nisimame kidogo. Katika nyumba zetu nyingi, waya wa nyutro huishia darini kwenye taa, haushuki kwenye swichi. Kinachoshuka ni waya wa moto na waya unaorudi kwenye taa. Katika nyumba za rangi za zamani utaukuta mwekundu na mweusi, na asiyejua atasema, aah, mweusi si ndio nyutro? Siyo. Ule mweusi ukiwasha swichi una moto sawasawa na mwekundu. Ndiyo maana kazi hii si ya kujaribu na bisibisi ya jikoni. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, azime kwenye meni swichi, apime kwa kipimo, ndipo aguse.

Dima janja inataka kuwa macho saa zote ili isikie simu, na kuwa macho kunataka umeme. Ikikosa nyutro hupitisha umeme kidogo kupitia kwenye balbu hata wakati taa imezimwa, na balbu ya LED hutosheka na kidogo hicho ikamulika hafifu usiku kucha au ikapepesa. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye taa, au kuvuta nyutro mpya. Nami nikavuta nyutro mpya, kupitia bomba lilelile, kutoka kwenye njia ileile ya taa. Kuazima nyutro ya soketi ya jirani ni uvivu unaokuja kuleta balaa.

Basi, hiyo ni kazi ya mikono. Kazi ya moyo ilianza nilipomuuliza baba mdogo anataka ipangwe vipi.

"Saa tatu usiku ishuke mpaka ishirini kwa mia," akasema. "Halafu humu nimesoma ina kufuli ya watoto. Iweke. Swichi ya ukutani isifanye kazi, iwe simu yangu tu."

Nikamuuliza, "Kwani baba mdogo, kuna shida gani?"

"Shida LUKU. Mimi nikilala, taa ya sebuleni inawaka mpaka saa saba. Sijui wanafanya nini."

Mimi nilijua, maana nililala pale mara nyingi. Saa tatu usiku sebuleni anakuwapo bibi, mama yake baba mdogo, mwenye miaka 78, anayepanga dawa zake za presha kwa kusoma pakiti moja moja. Akishaingia kulala, anakuja dada wa kazi. Binti wa watu ana miaka 19. Amemaliza vyombo, amepiga pasi sare za watoto, ndipo anapofungua daftari. Anajisomea QT, ili baadaye aweze kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chumbani analala na watoto, hawezi kuwasha taa. Jikoni kuna joto na mbu. Sebule ndiyo shule yake, kuanzia saa nne usiku hadi saa saba.

Naomba sasa msomaji usimkasirikie baba mdogo. Tukimfanya mtu mbaya tutakuwa tumekimbia swali. Yeye si bahili wa kutisha. Binti yule anakula mezani nao, anatibiwa akiumwa, mshahara haucheleweshwi. Na hoja yake ina miguu: anayelipa ndiye anayeamua. Jina lenyewe la LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Yuniti zikiisha saa mbili usiku ni yeye anayetafuta hela. Je, kuna mtu mwingine katika nyumba ile mwenye haki ya kumwambia taa iwake kiasi gani?

Nilifanya kwanza hesabu, kwa sababu hesabu haina hasira. Balbu nne za wati 9 ni wati 36. Zikiwaka saa tatu kila usiku kwa siku 30 zinakula yuniti 3 na kidogo. Ukizipunguza nusu unaokoa yuniti moja na nusu kwa mwezi. Pasi ya wati 1000 ikiwaka mfululizo hula yuniti moja kwa saa. Kwa hiyo mwanga wote utakaomnyang'anya binti yule kwa mwezi mzima unalingana na saa moja na nusu ya pasi, pasi anayoinyoosha yeye mwenyewe, tena nguo zisizo zake.

Lakini sikutaka kushinda kwa hesabu tu. Ingekuwa yuniti 30 je? Swali langu lingekufa? Nadhani lisingekufa. Nakubali kwamba mwenye kulipa ana haki ya kuweka mpaka. Anaweza kusema mezani wakati wa chakula, "Jamani, saa tano taa zizimwe." Amri hiyo, hata ikiwa kali, ina masikio. Binti anaweza kusema, "Baba, nina mtihani mwezi wa kumi na moja." Bibi anaweza kusema, "Mimi dawa yangu ya mwisho naimeza saa nne." Mwenye nyumba anaweza kukataa, lakini itambidi akatae huku anawatazama usoni. Dima iliyopangwa saa tatu na kufungwa kufuli haina masikio wala uso. Inashuka polepole, jicho linasamehe, na aliyepunguziwa hajui amlalamikie nani. Akibonyeza swichi ukutani haijibu. Kitu kilichokuwa cha vidole vyote kimekuwa cha kidole kimoja, na mwenye kidole hicho amelala chumba cha pili, taa yake ya kitandani haina dima.

Ndipo nilipoona kwamba kinachonisumbua si kiasi cha mwanga. Kinachonisumbua ni umbali. Kwenye chemli, anayepunguza na anayepunguziwa walikaa katika kiza kimoja. Dima janja inaruhusu mtu kupunguza mwanga asioutumia. Na mtu asiyeutumia mwanga hawezi kujua umepungua kiasi gani, hata simu ikimwandikia ishirini kwa mia.

Chukua hili la umri. Jicho huzeeka kama goti. Retina ya mtu wa miaka 60 hupata yapata theluthi tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni imepungua na lenzi imeingia ukungu na umanjano. Sasa weka ishirini kwa mia mbele ya bibi wa miaka 78. Kwako ni mwanga wa mapumziko, muziki laini na soda baridi. Kwake ni giza, naye ana vidonge viwili vyeupe vinavyofanana.

Nikamwambia baba mdogo kwa adabu kwamba dima nitaifunga, muda nitaupanga, lakini kufuli siiweki. Akanitazama. Akasema taratibu, "Nani kakusomesha kazi hii?" Nikasema, "Wewe baba mdogo." Akasema, "Basi." Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kumpa ambalo lisingekuwa utovu wa adabu, na hata leo naona swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyekuwashia taa ya maisha ana dai juu yako. Sijui vipi mngefanya ninyi. Mimi nilishika plaizi yangu nikaendelea kufunga kifuniko.

Nilipomaliza nikamweleza jambo jingine, la makampuni ya mbali, kama hadithi. Mwaka 2016 kampuni ya Nest, ya upande wa Google, ilizima huduma ya kifaa kilichoitwa Revolv, kilichokuwa kikiongoza taa na vitu vingine vya nyumbani. Watu walikinunua kwa hela zao, kiko majumbani mwao, na siku hiyo kikawa kopo tupu. Mwezi wa nne mwaka 2022 kampuni nyingine ya Marekani, Insteon, ilizima seva zake ghafla; wateja wakaamka taa zao hazisikii simu, mpaka baadaye mwaka huohuo kundi la wateja lilipoinunua na kuziwasha tena. Nikamwambia, "Baba mdogo, nikifunga ile kufuli, na dima hii ikawa inategemea seva ya ng'ambo, ujue na wewe una mwenye nyumba wako, na hakujui hata jina. Siku akiamua kupunguza, utabonyeza ukutani na ukuta hautakujibu."

Hilo lilimgusa. Mtu huielewa haraka nafasi ya chini akijiona yumo. Akauliza, "Sasa tunafanyaje?" Nikamwonyesha niliyoichagua: ina kitufe chake ukutani, inafanya kazi hata intaneti ikikatika au bando likiisha, na mkono wa ukutani unaishinda simu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi anatusikiliza muda wote. Akasema, "Zamani baba yenu alikuwa akitaka kushusha utambi anauliza kwanza, mmemaliza? Tukisema bado, anangoja."

Mmemaliza? Neno moja tu. Nimesoma vitabu kadhaa vya falsafa vya kuazima, vingine bila kuvielewa, na sijakuta kanuni fupi ya kuishi na watu kuliko hiyo.

Tukafanya hivi. Nikampa bibi pakiti ya dawa, nikawa nashusha mwanga polepole kwa simu, naye asome maandishi madogo. Alipofika mahali akasema "Basi, hapo sioni," tukarudi juu kidogo. Ikawa sitini kwa mia. Nikaipanga dima isishuke chini ya hapo, maana dima nyingi janja zina mpaka wa chini unaoweza kuuweka. Hivyo kipimo cha sebule ile kiliwekwa na anayeona kidogo kuliko wote. Naamini hiyo ndiyo njia ya haki katika mambo yote ya pamoja, na ni rahisi kuliko inavyosikika: muulize mwenye macho mabovu kwanza, wenye macho mazima watajifaa.

Sitaki kukudanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Kufuli haikuwekwa, sawa. Lakini ile kumbukumbu ya saa za taa ilibaki kwenye simu ya baba mdogo. Binti alinifuata nje nikikusanya zana, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, si ataona nimewasha?" Nikamwambia ataona. Usiku huo, nilivyosikia baadaye, alisomea jikoni kwa tochi ya simu, na mbu wake. Hakuna aliyempunguzia mwanga. Alijipunguzia mwenyewe kwa kujua kwamba anatazamwa. Kumbe kuna kupunguza kwa namna nyingi.

Baadaye bibi alilisema tena jambo lile, na baba mdogo akatamka mbele ya wote: "Basi asome. Ila feni izimwe." Siku hizi kuna usiku anasoma sebuleni na kuna usiku anasoma jikoni. Neno la mwenye nyumba lilitoka mara moja, simu inaangalia kila siku. Sijui neno litachukua muda gani kuishinda simu.

Upande wa pili wa sarafu nao lazima usemwe, maana mgala muue na haki yake mpe. Nina mteja mzee aliyepata kiharusi, upande wa kulia hauendi. Kabla ya dima janja, kila alipotaka mwanga uongezwe au upungue ilimbidi aite mtu, na wakati mwingine aliyeitwa alikuwa amechoka. Sasa simu iko kwenye mkono wake wa kushoto. Usiku akikosa usingizi anajiwashia mwanga kidogo, anasikiliza redio, hamwamshi mtu. Alinishika mkono siku nilipomaliza kuifunga, hakusema kitu. Kifaa ni kilekile, kampuni ileile, redio ileile ndani yake. Tofauti ni kwamba mwenye simu ndiye aliyelala chini ya taa ile.

Kwa hiyo sisemi vifaa hivi ni vibaya, na anayesema hivyo hajamuona yule mzee. Nasema kuna swali la kuuliza kabla ya kununua, na halijaandikwa kwenye boksi. Wauzaji watakuambia volti, wati, rangi za mwanga na namna za kuunganisha. Wewe jiulize: atakayepunguza, atakaa humo? Kama atakaa humo, mpe simu, mpe na ratiba. Kama hatakaa humo, swichi ya ukutani ibaki na neno la mwisho.

Na ukilipeleka swali hilo nje ya sebule, linakwenda mbali. Kumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2011, au ule wa mwishoni mwa 2022 na wa 2023 uliofuata. Giza watu walilizoea, tulikuwa na mishumaa na vicheko. Maneno makali mitaani yalikuwa mengine: je, na kwa wakubwa umekatika? Watu hawakuuliza hivyo kwa wivu tu. Walitaka kujua kama mkono ulioshusha utambi umekaa nao kwenye kiza kimoja.

Ninyi mnaoanza kuandika, najua wengi wenu mnaandika usiku, baada ya wengine kulala, chini ya taa ya kaka, ya shangazi, ya mwenye nyumba wa kupanga anayegonga dirisha saa tano. Nami nilianza hivyo. Siku moja mtakuwa na nyumba zenu na swichi zenu, pengine janja kuliko hizi ninazofunga mimi. Kutakuwa na mtu sebuleni kwenu, na daftari lake, saa sita usiku. Kabla hujagusa simu, nyanyuka kitandani uende mpaka mlangoni, umuulize kama amemaliza.